Samaki Milia na Damu ya Mama Mkwe

Kabla Cornel hajarudi kutoka Ujerumani, watu wa Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, walikuwa na damu ya kawaida tu. Ilikuwa nyekundu, ilitoka ukijikata, ilikauka ukijifunga kitambaa, na hakuna aliyeisumbukia zaidi ya hapo. Cornel aliporudi, ghafla kila mtu akawa na tatizo la damu. Huyu damu nzito, yule damu nyepesi, mwingine damu yake ina chembechembe za kutiliwa shaka. Ugonjwa haukuwa umeongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni mtaalamu.

Alikwenda huko akiwa mtunza maabara wa chuo kimoja cha hapa mjini, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kuosha chupa na kuwakumbusha wanafunzi kwamba spiriti si kinywaji. Ilikuwa ile miaka ya ubinafsishaji, wafadhili wengi kuliko vyoo, na mradi mmoja ukatafuta mtu wa kwenda kujifunza kazi katika maabara ya Wajerumani. Wakubwa wa chuo waliigombea nafasi ile mpaka muda wa kupeleka jina ukakaribia kwisha. Na kwa kuwa kila mmoja aliona heri aende mtu asiye na cheo kuliko aende mwenzake, akaenda Cornel.

Maabara yenyewe ilikuwa inafuga samaki. Si sato wala kambale, wala kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekitia kwenye sufuria. Ni visamaki vyenye urefu wa njiti ya kiberiti, vina milia ya buluu ubavuni, kama punda milia aliyefuliwa kwa maji ya moto akasinyaa. Wataalamu wa huko walikuwa wanaharibu kwa makusudi jeni moja moja za samaki hao, yaani yale maagizo ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake, halafu wanatazama damu inakwenda kombo vipi. Walieleza kwamba jeni zinazotengeneza damu ya samaki yule na zinazotengeneza damu ya mtu ni karibu zilezile, na kwamba anayeelewa damu ya samaki inavyopotea njia anaweza siku moja kuelewa jinsi lukemia, kansa ya damu, inavyoanza ndani ya mfupa wa mtoto wa mtu.

Mchango wa Cornel katika vita hivyo vikuu ulikuwa kulisha samaki asubuhi na jioni, na kusugua kuta za matangi.

Ila siku moja mama mmoja mtafiti, aliyemwona anapita na brashi yake, alimwita atazame kwenye hadubini. Chini ya lenzi kulikuwa na kisamaki ambacho hakijaanza hata kuogelea, mwili wake mwangavu kama kioo cha taa. Cornel aliona moyo ukidunda. Aliona chembe za damu zikipita mkiani kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, kama siafu wanaohama. Kisha yule mama akaweka kingine, kilichoharibiwa jeni. Moyo wake ulidunda vilevile, bila kupungukiwa, lakini chembe nyekundu haikuwepo hata moja. Moyo ulikuwa unasukuma maji matupu. Cornel alikaa pale mpaka shingo ikamuuma.

Kama angerudi Dodoma akasimulia hilo tu, watu wangemsikiliza kwa heshima. Yeye aliona halitoshi.

Siku ya kuagwa alipewa zawadi ya samaki kadhaa. Walikuwa samaki wa kawaida kabisa, wazima wa afya, wasio na jeni iliyoguswa, wale ambao maabara huwaweka ili kuwalinganisha na wagonjwa. Cornel akawasafirisha ndani ya chupa ya chai. Pale uwanja wa ndege afisa forodha aliifungua, akachungulia.

"Kuna nini humu?"

"Utafiti."

"Mimi naona dagaa."

"Ni samaki wa kisayansi, mzee. Wanatumika kwa kansa."

Afisa akafunga chupa taratibu, akaisukuma mbali naye, akanawa mikono. Alikuwa mtu wa kwanza nchini kumwogopa Cornel, na Cornel alijisikia vizuri mno.

Alipofika mjini alichapisha kadi: Mtafiti Mwandamizi, Jeni za Damu na Kansa. Nyumbani Mkonze mkewe Edina alimwandalia karamu ndogo, na majirani wakaja kumwona mtu aliyetoka Ulaya. Edina alikuwa anamimina togwa Cornel alipomwambia jirani yao Masudi, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, "Bwana, kule nilikuwa nalala na jeni, naamka na jeni. Jeni moja ikinishinda, nahamia nyingine."

Kata ya togwa ilisimama hewani. Wageni walipoondoka, Edina aliketi mbele yake.

"Huyu Jeni ni Mjerumani?"

"Jeni si mtu, mke wangu."

"Ndivyo mnavyosema wote."

"Edina, jeni iko ndani ya damu."

"Kwa hiyo umempenda kiasi hicho."

Ilibidi Cornel atafute kalamu amchoree jeni ilivyo, ile kamba iliyojisokota kama ngazi ya mviringo. Edina aliugeuza mchoro huku na huku kwa muda mrefu, kisha akasema yeye anaona kiuno.

Hapo ndipo alipoingia Faridi. Faridi alikuwa ameuza mitumba, kisha betri za redio, kisha vocha za simu. Serikali ilipowaachia watu binafsi wafungue hospitali, aliona upesi kwamba ugonjwa ni bidhaa isiyooza, akapanga nyumba nyuma ya soko na kuipa jina Afya Njema Polikliniki. Kilichokosekana ni kitu cha kuwavuta watu.

"Una digrii?" alimuuliza Cornel.

"Nina uzoefu wa kimataifa."

"Una kitu cha kuonyesha?"

Cornel akamfungulia chupa ya chai. Faridi alichungulia.

"Hawa ndio wanaopima damu?"

"Hapana, wao wanasaidia utafiti wa jinsi ambavyo..."

"Inatosha," alisema Faridi, na siku ileile akaagiza tangi la kioo.

Tangi lilikaa mapokezi, kubwa kuliko chumba cha sindano. Samaki wakazaliana kwa bidii ambayo idara nyingi za umma zingeionea wivu. Mkonze bomba lilikuwa linatoa hewa wiki nzima na wanawake wanapanga ndoo foleni, lakini maji ya samaki yalichujwa, yakachemshwa, yakapozwa, na Cornel mwenyewe akayabeba kwa baiskeli hadi mjini. Edina aliwaambia majirani kwamba amekaa na mwanaume huyu tangu ujana wao, na hajawahi kuchemshiwa hata maji ya kunawa.

Kila asubuhi, wagonjwa wakisubiri, Cornel aliwahutubia akiwa amevaa koti jeupe lililomfika magotini. Na hapa niseme haki yake, mengi ya aliyosema yalikuwa ya kweli.

"Mwilini kuna chembe nyekundu," alisema, "hizo ndizo makuli, zinabeba hewa kupeleka kila mahali. Kuna na chembe nyeupe, hao ndio walinzi. Katika lukemia, ile jeni inayosema walinzi sasa wanatosha huharibika. Mwili unaajiri walinzi, unaajiri tena, wote hawajafuzu, wote wamejazana ndani ya mfupa, na makuli hawana pa kukanyaga."

Masudi, aliyekuwa amekuja kutibiwa kikohozi, alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika moja la umma, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimegeuka pikapu chakavu.

"Kama shirika letu," alisema.

"Sawasawa kabisa."

"Na dawa yake ni kuwapunguza?"

"Ndiyo, kwa dawa kali."

"Hiyo dawa inawapunguza walinzi tu, au na makuli wanapigwa humohumo?"

Cornel akakohoa. "Kwa kweli inawapiga wote."

"Nilijua," alisema Masudi.

Mambo yangeishia kwenye hotuba kama si karani mmoja aitwaye Kefa. Kefa alikuwa anasubiri zamu yake huku anakula andazi, na kwa uvivu tu akatumbukiza kidole kwenye tangi. Samaki wote walimkimbilia. Walikizunguka kidole, wakakidonoa, milia ikimeremeta.

"Daktari," aliita Kefa, "wananipenda. Ina maana nina damu nzuri?"

Cornel alijua samaki wale wangemkimbilia hata shetani mwenyewe, alimradi kidole chake kina makombo. Alifungua kinywa aseme hivyo. Akaona watu wote wa mapokezi wamegeuka kumtazama, akina mama na watoto, wazee na bakora zao, na Faridi mlangoni anatingisha kichwa taratibu kumpa moyo.

"Inawezekana," alisema Cornel.

Neno hilo moja lilifika Nzuguni, pembezoni mwa mji, kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kufikia mwisho wa wiki watu walikuwa wanatoka Kondoa na Chemba kwa mabasi kuja kutumbukiza kidole. Samaki wakikujia, damu safi. Wakikukimbia, unaingia chumba cha ndani kwa vipimo zaidi, na huko Faridi alikuwa na vipimo vya kila namna. Hakuna aliyewahi kuitunga sheria hiyo. Cornel hakuitamka hata siku moja. Yeye alisimama tu pembeni ya tangi, mikono nyuma, uso umejaa siri.

Palikuwa na siku moja ya hatari, alipokuja diwani mmoja ambaye alikuwa amenawa kwa sabuni yenye marashi makali. Kidole chake kilipogusa maji, samaki wote walijibanza kwenye kona kama wamesomewa tangazo la kodi mpya. Diwani akawa rangi ya majivu.

"Wanaheshimu mamlaka, mheshimiwa," alisema Cornel. Diwani akapumua, na tangu siku hiyo akawa anawasimulia wenzake kwamba hata samaki wanamjua.

Sasa, Edina alikuwa na mama yake huko Chamwino, Bibi Germana, mjane mwenye ulimi mwepesi na shamba kubwa la mtama. Kwa muda alikuwa hana nguvu. Alichoka kwa kutembea hadi kisimani, akahema kama aliyekimbizwa, na akaanza kuumega udongo wa kichuguu na kuutafuna, akisema ndiyo kitu pekee kinachompa hamu. Edina alimtaka aende hospitali ya serikali. Bibi Germana alishangaa.

"Nina mkwe anayetibu damu za watu wa mataifa, niende nikapange foleni?"

Akaja. Kwa desturi za kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Huzungumza kwa mbali, macho pembeni, kama madereva wawili wanaosubiri nani ampishe mwenzake. Basi alipoingia kliniki, kila mtu alisimama kumwona mama mkwe wa daktari.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo, kisha akaketi kabla hawajaitikia, maana pumzi ilimwishia.

"Shikamoo, mama," alisema Cornel akitazama ukuta.

"Marahaba, baba. Wako wapi hao watumishi wako?"

Alikuwa ametoka kusonga ugali nyumbani kwa binti yake, na unga ulikuwa bado kwenye kucha. Alipotumbukiza mkono, samaki walimjia wote kwa pamoja kama watu walioona lori la mahindi ya msaada. Mapokezi wakapiga makofi. Faridi akatangaza damu safi kupita zote zilizowahi kupimwa hapo.

Lakini Cornel, aliyekuwa anakwepa kumtazama usoni, alikuwa anatazama mkono. Kiganja kile ndani ya maji kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa. Mistari ya kiganja haikuwa na wekundu wowote. Na palepale, bila kutaka, alikumbuka kile kisamaki cha Ujerumani, kile kimoyo kinachohangaika kusukuma maji matupu.

Alitakiwa aseme. Sauti ilifika kooni, ikaona watu walivyo wengi, ikarudi. Bibi Germana aliondoka anatabasamu, ameshikwa mkono na Edina, na Cornel akarudi kwenye hotuba yake kuhusu makuli na walinzi, akakosea mara kadhaa nani anabeba nini.

Asubuhi iliyofuata Edina alimkuta mama yake amelala kwenye mkeka uani, hawezi kuketi, moyo unampiga hadi kitenge kinaruka kifuani. Akamwita mumewe. Cornel alikuja mbio na mswaki mdomoni.

"Tumpeleke hospitali," alisema. "Sasa hivi."

"Siendi," alisema Bibi Germana kwa sauti ya mbali. "Samaki wamesema nina damu safi. Wewe unataka kuwapinga?"

"Mama, samaki hawajui lolote. Ulikuwa na unga kwenye kucha."

"Unanificha. Wamekuonyesha ile kansa yako, hutaki kuniambia."

"Sijaonyeshwa kitu. Mimi si mtafiti, mama. Kule nilikuwa nawalisha. Nawalisha na kusugua matangi. Basi."

Edina alisimama mkono kiunoni, mtoto wao mchanga mgongoni.

"Na ile kadi?" aliuliza.

"Nilichapisha mwenyewe."

Edina alimtazama kwa namna ambayo Cornel angependelea hata ampige kwa mwiko. Kisha akasema neno moja tu. "Mnyanyue."

Cornel akainama, akamnyanyua mama mkwe wake mikononi, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa haujawahi kuliona. Alikuwa mwepesi kuliko debe la maji. Bibi Germana akafumbua macho.

"Cornel, umenishika?"

"Nimekushika, mama."

"Watu wanaona?"

"Wanaona."

"Basi nifunike uso."

Masudi aliwasha pikapu kwa kusukumwa na nusu ya mtaa, wakaenda.

Hospitalini aliwapokea daktari mwanamke, Daktari Bupe, na nesi mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa kazi, Zipora. Daktari alivuta chini ukope wa Bibi Germana, akatazama, akageuka haraka kutoa maagizo. Damu ikachukuliwa kupimwa, na choo vilevile. Cornel akamfuata korido, kwa mara ya kwanza akiongea taratibu.

"Daktari, naomba watazame na chembe nyeupe. Naogopa isije ikawa lukemia."

"Wewe ni nani?"

Swali hilo alikuwa amelijibu kwa kadi mji mzima. Safari hii mkono haukwenda mfukoni.

"Mimi ni mkwe wake."

Walisubiri kwenye benchi, yeye ncha hii na Edina ncha ile, katikati yao pengo la kutosha watu watatu. Cornel hakuwa mtu wa sala nyingi, lakini alikaa anaomba chembe nyeupe za mama yule ziwe walinzi wachache, wenye adabu, wanaojua kazi. Majibu yalipotoka, Daktari Bupe aliwaita wote wawili.

"Chembe nyeupe hazina tatizo. Si lukemia. Ana minyoo ya safura, ile inayoingilia kwenye nyayo za asiyevaa viatu, mingi, na imemnyonya damu kwa muda mrefu. Minyoo tutaitoa kwa vidonge. Lakini damu iliyobaki ni kidogo mno, haiwezi kusubiri vidonge. Anahitaji kuongezewa leo. Nani atatoa?"

Edina alikuwa ananyonyesha, akakataliwa. Kaka yake Filipo alikuwa machungani na ng'ombe, haijulikani upande gani. Masudi alipimwa, kundi lake likakataa. Akabaki mtaalamu.

"Kundi lako unalijua?" aliuliza Zipora.

"La kawaida," alisema Cornel.

"Kundi la kawaida halipo, baba. Lete kidole."

Lililingana. Cornel aliposikia hivyo uso wake ulionyesha furaha, miguu yake ikarudi hatua mbili nyuma. Maana katika kazi yake yote ya damu, alikuwa hajawahi kuiona damu ya mtu ikitoka kwa wingi unaozidi kijiko. Damu aliyoizoea ilikuwa ya samaki, chini ya lenzi, na hata hiyo alikuwa ameonyeshwa na yule mama mtafiti.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa na mlango uliogoma kufungika, na korido ilikuwa imejaa. Miongoni mwa waliokuwa wanasubiri alikuwemo Kefa, shavu limevimba kwa jino. Alipomwona Cornel kitandani na mkono umefungwa mpira, alisimama, akawaambia jirani zake kwa kujivunia kwamba yule ni daktari wake wa damu, na sasa wataona jinsi wanaojua wanavyofanya. Watu wakasogea mlangoni.

"Angalia pembeni," Zipora alimshauri Cornel.

"Nimezoea," alisema Cornel, akaangalia sindano.

Ni haki kusema hakupiga kelele. Alitokwa jasho, akataja majina ya watakatifu kadhaa bila kufuata mpangilio, lakini mkono hakuuondoa. Wakati fulani alimuuliza Zipora kama bado, akaambiwa ndiyo kwanza wameanza. Mwishowe sindano ikatolewa, akapewa pamba, akaambiwa asinyanyuke. Lakini mlango ulikuwa umejaa wagonjwa wake, na mtafiti mwandamizi hawezi kulala mbele ya wagonjwa. Akanyanyuka, akanyoosha shati, na wakati anageuka kuwapungia mkono, macho yake yakauona mfuko. Ulikuwa umejaa, mzito, mwekundu kuliko alivyowahi kudhani, na ulikuwa wake.

Alianguka na meza ya mabeseni. Mlio ulisikika hadi wodi ya wazazi.

"Daktari amekata roho," alisema Kefa.

"Daktari gani?" aliuliza Zipora, tayari anainua miguu ya Cornel na kuiweka juu ya kiti.

"Huyo. Wa damu."

Zipora akamtazama yule mtu sakafuni, pamba imemwangukia shavuni, mdomo wazi.

"Damu ya nani?" aliuliza, na korido nzima ikacheka, hata wenye meno mabovu.

Alipozinduka alipewa soda ya moto na biskuti mbili. Aliyemnywesha ni Edina. Safari hii hakukaa tena ncha ya mbali ya benchi. Nyuma ya pazia, damu ya Cornel ilikuwa inashuka tone kwa tone kuingia kwa mama mkwe, na ilipofika jioni midomo ya Bibi Germana ilikuwa imeanza kupata rangi, na ameanza kulalamikia shuka.

Wiki iliyofuata Cornel alikwenda kliniki, akasimama mbele ya tangi bila koti, akawaambia watu kwamba samaki wanatafuta makombo tu, kwamba damu hupimwa maabara, na kwamba aliyechoka na kuhema aende hospitali upesi. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa. Watu walimsikiliza kwa huruma.

"Amenunuliwa," Kefa alimnong'oneza jirani yake. "Hospitali kubwa hazipendi ushindani."

Kisha wakaendelea kutumbukiza vidole. Faridi alimvuta Cornel pembeni na kumweleza bila ugomvi kwamba ukweli nao una saa zake, na saa za kazi si mojawapo. Cornel akasema basi anachukua samaki wake. Faridi alisikitika. Tangi ni la kliniki, maji ni ya kliniki, na samaki karibu wote wamezaliwa humo humo. Kwa maneno mengine, walikuwa wameshabinafsishwa. Kazi ya kusimama pembeni mikono nyuma alipewa Shakila wa mapokezi, na watu walisema uso wake una siri kuliko hata wa Cornel.

Bibi Germana alirudi Chamwino akiwa mzima, akilima, akiwa amevaa viatu kama alivyoagizwa, na ule udongo ameusahau. Lakini kulikuwa na tatizo jipya. Siku Cornel na Edina walipokwenda kumsalimu, walimkuta uani na wanawake wenzake, anawasimulia kwamba kule hospitalini ilibidi madaktari waitwe kutoka nje, kwamba mashine yake ilikuwa na taa za rangi zote, na kwamba daktari mkuu alilia kwa furaha alipofumbua macho.

"Mama," alisema Edina, "daktari gani aliyelia?"

Bibi Germana akaishika midomo yake kwa mkono, kama mtu aliyeteleza.

"Mnisamehe," aliwaambia wanawake. "Mnajua sikuwa hivi. Tangu waniwekee damu ya Cornel, nikifungua mdomo tu, nakuta nimekwishaongeza."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Ilionekana jambo hilo lilikwisha kujadiliwa kikamilifu na kijiji kizima kimelikubali.

"Mama," alisema Cornel akitazama ukuta wa ghala, "damu haibebi tabia. Ile uliyoongezewa hata haidumu. Chembe zake hufa, na mwili wako unatengeneza za kwako mwenyewe."

Bibi Germana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wenzake.

"Mmemsikia?" alisema kwa upole. "Ndivyo inavyonianza na mimi."